Uwiano, faharasa, bahasha au mpaka: utampimaje mwendeshaji wa reli?

Jumapili moja baada ya alasiri mpwa wangu aliingia nyumbani kwangu Majengo, laptop kwapani, uso wa mtu asiyelala. Anasoma mambo ya usafirishaji chuoni hapa Mombasa, na utafiti wake wa mwisho ni kupima kama treni zetu zinaendeshwa vizuri zaidi tangu soko la reli lifunguliwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Msimamizi ataka nitumie DEA. Wenzangu wasema SFA ndiyo yenyewe. Na babu kanicheka pale barazani, ati tani kwa kichwa cha treni zatosha, mengine ni kujisumbua."

Hizo DEA na SFA ni mbinu mbili za hesabu za kupima ufanisi, nitazieleza mbele. Babu yake, yaani ami yangu, alifanya kazi karakana ya reli enzi za geji ya mita, na kwake dunia nzima hupimwa kwa kichwa cha treni. Nikamuuliza binti: "Una waendeshaji wangapi?"

"Mmoja."

"Na miaka?"

"Minane, kuanzia 2018."

Nikamwambia aweke mkoba chini, anywe chai kwanza. Jibu halikuwa la dakika mbili, na kwa kuwa si yeye peke yake anayekwama hapo, nimeliandika.

Ugumu ulikoanzia

Zamani mwenye njia, mwenye treni na mwenye stesheni alikuwa mmoja. Tangu ujenzi wa reli ya Uganda uanze hapa Mombasa mwaka 1896, hadi Shirika la Reli la Kenya lilipoundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, treni ikichelewa ulijua mlango wa kugonga. Kufungua soko ndiko kulikoukata mwili huo vipande. Sweden ilitenganisha njia na treni mwaka 1988. Ulaya ikafuata kwa agizo la 1991 lililotaka hesabu za njia zitengwe na hesabu za treni. Uingereza ikaenda mbali zaidi, ikabinafsisha vyote viwili katikati ya miaka ya 1990. Japani ilipita njia yake: tarehe 1 Aprili 1987 shirika la taifa liligawanywa kuwa kampuni sita za abiria kwa maeneo, na moja ya mizigo ambayo, kwa sehemu kubwa, hupita juu ya njia za hizo sita.

Kwetu, Novemba 2006 reli ya zamani ya Kenya na Uganda ilikodishwa kwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ukakatishwa. Mwaka huo huo, mwishoni mwa Mei, SGR, reli mpya ya geji sanifu, ikazinduliwa: kilomita zipatazo 472 hadi Nairobi, mali ya Shirika la Reli, huku treni zikiendeshwa na Afristar, kampuni iliyotokana na mjenzi mwenyewe, CRBC ya Uchina. Treni za mizigo zikaanza kazi Januari 2018. Huu si ushindani wa Italia, ambako tangu 2012 Italo, kampuni binafsi, hugombea abiria na treni za serikali kwenye reli ile ile. Hapa mshindani wa treni ni trela, na trela haliko kwenye jedwali la Shirika la Reli.

Vigezo

Njia zinazotumika sana ni nne: uwiano rahisi, faharasa ya tija jumla, mbinu ya bahasha (hiyo DEA) na mpaka wa nasibu (hiyo SFA). Kila moja nimeiuliza maswali yale yale. Inadai data gani? Inamlinganisha mwendeshaji na nani? Inamlaumu nani? Inapotoshwa vipi? Halafu inamfaa nani.

Swali la lawama ndilo ninalolipa uzito, na mfano wangu ni wa Uingereza. Oktoba 2000 reli ilivunjika Hatfield, kaskazini mwa London, treni ikaacha njia, watu 4 wakafa. Railtrack, mwenye njia, akaweka amri za kupunguza mwendo zaidi ya 1,000 katika mtandao mzima, na treni za kila kampuni zikachelewa kwa miezi. Sasa chukua jedwali la treni zilizofika kwa wakati katika majira hayo, umpime nalo mwenye treni. Utakuwa unapima vyuma vya mtu mwingine. Kila njia kati ya hizi nne inaweza kukufanyia hivyo, ila kila moja kwa namna yake.

Uwiano rahisi

Hii ndiyo ya ami. Unachukua kilichotoka, unakigawa kwa kilichoingia: tani-kilomita kwa mfanyakazi, tani-kilomita kwa kichwa cha treni, siku ambazo behewa la mizigo huchukua kwenda na kurudi, gharama za uendeshaji kwa kila shilingi ya mapato. Tani-kilomita ni uzito mara umbali. Kontena lenye shehena ya tani 20 likitoka bandari ya Kilindini hapa Mombasa hadi Nairobi kwa kilomita 472 limefanya tani-kilomita 9,440.

Inadai nini. Kidogo. Ripoti ya mwaka na kikokotoo cha simu vinatosha.

Inamlinganisha na nani. Yeyote umtakaye, na hapo ndipo pa kuogopa. Treni inayopanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, haiwezi kuwekwa sahani moja na treni ya tambarare kisha tukaitana wavivu.

Inamlaumu nani. Mwendeshaji, kwa kila kitu.

Inapotoshwa vipi. Hapa nina mengi. Anza na nauli. Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida la Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, kati ya Mombasa na Nairobi ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Abiria wasipokimbia, uwiano wa gharama kwa mapato unapendeza siku hiyo hiyo, ilhali behewa ni lile lile, dereva ni yule yule na saa za safari ni zile zile. Ukiandika "ufanisi umepanda" umeandika habari ya bei.

Pili, wafanyakazi. Niliwahi kutunza takwimu katika kampuni moja ya uchukuzi hapa mjini, si ya reli. Mwaka mmoja idadi ya wafanyakazi kwenye jedwali langu ilishuka kwa theluthi na tija kwa mfanyakazi ikaruka kama pweza aliyechomwa. Mkubwa akafurahi, nami nikafurahi. Jumatatu iliyofuata nikashuka yadi na kuwakuta watu wale wale, kwa majina yao, wamevaa ovaroli za rangi nyingine zenye nembo ya mkandarasi. Malipo yao yalikuwa yamehamia kwenye mstari wa "huduma". Tangu hapo nikipewa tani kwa mfanyakazi huuliza kwanza: aliyefagia behewa hili analipwa na nani?

Tatu, makontena matupu. Bandari yetu huingiza mizigo mingi kuliko inayotoa, kwa hiyo treni hupanda imejaa na hushuka na makontena mengi matupu. Ukihesabu treni-kilomita, kwenda na kurudi ni sawa. Ukihesabu tani-kilomita, safari ya kurudi karibu haipo. Mwendeshaji mjanja atakuletea kipimo cha kwanza, na mpinzani wake atakuletea cha pili.

Nne, na hii inauma zaidi hapa Mombasa kuliko kwingine, ni mzigo uliokuja kwa amri. Mwaka 2019 ilitoka ilani ya kutaka mizigo ya bara ipande SGR na kukaguliwa bohari ya makontena ya Nairobi. Wenye malori, mawakala wa forodha, mama ntilie wa Changamwe hadi mafundi wa matairi waliandamana. Septemba 2022 rais mpya, William Ruto, alitangaza siku ya kuapishwa kwake kuwa ukaguzi unarudi bandarini. Tani zilizopanda treni katikati ya tarehe hizo mbili zilipanda kwa sababu zaidi ya moja. Uwiano haujui tofauti ya mteja aliyekuja kwa hiari na mteja aliyeshikwa mkono. Na kama kipimo hakijui tofauti hiyo, kitakuambia nini kuhusu soko huria?

Wamarekani nao walionja. Baada ya sheria ya Staggers ya 1980 kuzifungua kampuni zao za mizigo, wawekezaji walikuja kuabudu kipimo kimoja: gharama za uendeshaji kwa mapato, kadiri kinavyoshuka ndivyo bora. Kilishuka kweli, sehemu yake kwa kupunguza watu. Aprili 2022 msimamizi wao wa reli alizikalisha kampuni hadharani zijieleze kwa nini huduma imezorota.

Inamfaa nani. Mwandishi wa habari, msimamizi wa karakana, yeyote anayetaka jibu leo. Ila zitazamwe tatu au nne kwa pamoja. Uwiano mmoja ni shahidi mmoja, tena mwenye jamaa mahakamani.

Faharasa ya tija jumla

Badala ya kugawa kwa mfanyakazi peke yake, unakusanya vyote vilivyoingia, yaani watu, dizeli, mashine na huduma zilizonunuliwa, kila kimoja kwa uzito wa sehemu yake katika gharama. Halafu unaangalia vilivyotoka vimekua kuliko vilivyoingia kwa kiasi gani.

Mfano wa kubuni. Tuseme kwa miaka mitano mzigo umekua asilimia 20, wafanyakazi wamepungua asilimia 10, dizeli imeongezeka asilimia 15, mashine asilimia 30. Katika gharama, watu ni asilimia 40, dizeli 20, mashine 40. Kwa uwiano wa ami, tija kwa mfanyakazi imepanda asilimia 33. Lakini vilivyoingia kwa jumla, ukivipima kwa njia nyepesi, vimekua asilimia 11 (kasoro 4 za watu, jumlisha 3 za dizeli na 12 za mashine), kwa hiyo tija halisi imepanda asilimia 8 hivi. Sehemu kubwa ya ile 33 ilikuwa mashine kuchukua nafasi ya watu. Si dhambi, lakini mashine hazikuja bure.

Inadai nini. Gharama zilizochambuliwa kwa miaka mfululizo, na thamani ya mitaji. Hiyo ya pili ndiyo huwaliza watu. Nani anahesabiwa kuwa na njia ile? Kampuni ya mizigo ya Japani hulipia njia kwa kiasi cha gharama ya ziada ambayo treni zake zinasababisha tu. Ukihesabu kile inacholipa utaiona nyepesi kama unyoya, ukiibebesha mgao wake wa njia nzima itakuwa nzito. Uamuzi huo unaufanya wewe mchambuzi, kabla ya hesabu kuanza, na matokeo yatakuwa yameshainama upande mmoja.

Inamlinganisha na nani. Na yeye mwenyewe wa jana. Hii ndiyo fadhila yake kwa mwenye mwendeshaji mmoja. Ndiyo kasoro yake pia: mwanafunzi aliyetoka alama 20 hadi 40 amepanda mara mbili na bado kafeli.

Inamlaumu nani. Mwaka. Mwaka mbaya unaonekana, ila kwa nini ulikuwa mbaya utaeleza wewe. Madaraka Express ilisimama Aprili 2020 kwa ajili ya korona, ikarudi Julai. Faharasa ya mwaka huo itaanguka, na kosa si la aliyekuwa nyuma ya usukani.

Inapotoshwa vipi. Ni vigumu kuliko uwiano, maana kile kiini macho cha ovaroli hakifui dafu: watu wakihamia kwa mkandarasi, gharama inaibuka kwenye huduma zilizonunuliwa. Mianya iliyobaki ni thamani ya mitaji na bei. Kwa hiyo pima vilivyotoka kwa tani na abiria, usivipime kwa shilingi, la sivyo ile nauli ya 2024 itaingia kwa mlango wa nyuma.

Inamfaa nani. Mwenye mwendeshaji mmoja au wawili na kumbukumbu ndefu nzuri. Pia mwenye mkataba anayetaka kujua kama mpangaji wake anaimarika.

Mbinu ya bahasha

Ilitoka 1978 kwa Charnes, Cooper na Rhodes, wakitafuta namna ya kupima vitu visivyouza sokoni, kama programu za shule. Haihitaji bei. Unawatandaza waendeshaji wote, hesabu inatafuta wale ambao hakuna mchanganyiko wa wenzao uliowashinda, na hao wanakuwa ukingo. Waliobaki hupimwa umbali wao kutoka ukingoni.

Tuwaze waendeshaji watatu wa kubuni, kila mmoja anabeba tani-kilomita milioni 600. Embe ana wafanyakazi 1,000 na vichwa 20. Nazi ana wafanyakazi 600 na vichwa 30. Papai ana wafanyakazi 960 na vichwa 30. Kwa tani kwa mfanyakazi, Nazi ndiye bingwa. Kwa tani kwa kichwa, bingwa ni Embe, na ami atampigia makofi. Bahasha inasema wote wawili wako ukingoni, kila mmoja kwa mtindo wake. Papai ndiye mwenye kesi. Chukua nusu ya Embe na nusu ya Nazi: wafanyakazi 800, vichwa 25, mzigo ule ule. Linganisha na 960 na 30: alama ya Papai ni 0.83. Maana yake angeweza kufanya kazi ile ile kwa asilimia 83 ya alivyo navyo.

Mpwa wangu alipoiona hesabu hiyo kwenye kipande cha bahasha ya mwaliko wa harusi (bahasha juu ya bahasha), akasema, "Mbona msimamizi hakunieleza hivi?" Nikanyamaza. Msimamizi wa mtu hasemwi.

Inadai nini. Idadi tu, bila bei, na waendeshaji wa kutosha. Kanuni ya mkono inayozunguka ni kwamba wawe angalau mara tatu ya jumla ya vinavyoingia na vinavyotoka. Watu, vichwa, dizeli, tani na abiria ni vitu vitano, kwa hiyo usikae kitako na chini ya waendeshaji 15. Ukiwa nao wachache, karibu kila mtu anapata moja kamili, na ripoti yako inakuwa cheti cha mahudhurio.

Inamlinganisha na nani. Na bora waliopo ndani ya data yako. Wote wakiwa hoi, aliye nafuu atatawazwa. Iko aina ya 1984 inayomlinganisha kila mmoja na wenye ukubwa unaokaribiana naye, ili reli fupi isichapwe na ya bara zima. Itumie ukichanganya nchi.

Inamlaumu nani. Mwendeshaji, tena bila huruma, kwa kuwa kila pungufu inahesabika kuwa uzembe wake. Mvua ikikata tuta, uzembe. Dizeli ikichelewa, uzembe. Unaweza kuongeza hatua ya pili, ukauliza alama zinafuatana na nini: mlima, umri wa njia, aina ya mkataba. Watafiti wengi wa Ulaya wamefanya hivyo kuona kama kutenganisha njia na treni kumesaidia, na majibu yao hayakubaliani. Hilo lenyewe ni funzo kwa anayetaka kunukuu utafiti mmoja na kufunga mjadala.

Inapotoshwa vipi. Kwa kuwa kioja. Mbinu hii humruhusu kila mwendeshaji apimwe kwa uzito unaompendeza mwenyewe, hivyo anayefanya jambo asilofanya mwingine, mathalani treni chache za kitalii, anaweza kukaa ukingoni kwa kukosa wa kulinganishwa naye. Na kosa moja la kuchapa, sifuri iliyozidi kwenye tani za mtu, linasogeza ukingo na kuwaharibia wote.

Inamfaa nani. Mwenye waendeshaji wengi wa nchi au maeneo mbalimbali, wanaobeba abiria na mizigo pamoja, na asiye na bei za kuaminika. Dada yake anaitwa Malmquist: huunganisha bahasha na miaka, na kutenga kumkaribia kinara na kusogea kwa kinara mwenyewe. Kwa kuuliza kama soko huria limewainua wote au limewainua walio mbele pekee, sijaona chombo kizuri zaidi.

Mpaka wa nasibu

Timu mbili ziliufikia mwaka mmoja, 1977, kila moja kivyake. Wazo: chora uhusiano wa gharama na kazi kwa waendeshaji wote, kisha kila anapoachana na mstari, ugawe mwachano huo mafungu mawili. Fungu moja ni bahati, ambayo huweza kuwa njema au mbaya. La pili ni uzembe, ambao huvuta upande mmoja tu.

Inadai nini. Nyingi. Waendeshaji kumi kwa miaka kumi ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Pia unatakiwa useme mapema mstari una umbo gani na uzembe umesambaa vipi, na hapo ndipo wanafunzi huchukua chaguo la kwanza la programu bila kuuliza.

Inamlinganisha na nani. Na ukingo uliokadiriwa. Si lazima mtu yeyote awe amesimama pale hasa.

Inamlaumu nani. Hii ndiyo pekee kati ya nne inayokubali tangu mwanzo kwamba kuna majaaliwa. Mlima, msongamano na mkataba vinaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Lakini haifanyi miujiza. Mwenye njia akiwa mbovu kila mwaka, ubovu huo haufanani na bahati, unafanana na uzembe, na utaandikwa jina la mwenye treni usipouwekea mstari wake. Hatfield inarudi pale pale.

Inapotoshwa vipi. Kwa ugumu wake. Badilisha dhana ya usambazaji, na alama za watu zinaweza kubadilika, ilhali msomaji wa kawaida hana pa kukushikia.

Inamfaa nani. Msimamizi wa sekta mwenye data za miaka mingi na anayetarajia kupingwa mahakamani. Hii huja na vipimo vya mashaka, kwa hiyo anaweza kusema "kati ya hapa na hapa" badala ya kutaja alama moja kavu.

Kwa hali yako

Ukiwa mwandishi wa habari na kesho ndiyo siku ya kutuma, tumia uwiano, lakini angalau uwe mmoja wa watu, mmoja wa mashine na mmoja wa gharama, na useme nani alipandisha nauli na lini. Mojawapo ukienda kinyume na wenzake, habari yako iko hapo.

Ukiwa chama cha wafanyakazi, usiridhike na tani kwa mfanyakazi. Dai faharasa ya jumla, na udai wa mkandarasi wahesabiwe.

Ukiwa na waendeshaji 15 au zaidi kutoka nchi mbalimbali, bahasha ndiyo pa kuanzia. Ukiwa nao wengi hivyo na miaka kumi pia, fanya bahasha na mpaka vyote viwili, utazame kama mpangilio wa nafasi unafanana. Wakipishana sana, rudi kwenye data kabla hujarudi kwenye nadharia.

Ukiwa unaandika mkataba wa kukodisha treni au njia, tatizo lako ni la lawama, na kabla ya mbinu yoyote unahitaji daftari. Waingereza wana utaratibu wa kugawa dakika za ucheleweshaji kwa mhusika, awe mwenye njia au kampuni ya treni, kuanzia dakika tatu na kuendelea. Watu wanalipwa kubishana juu ya dakika hizo. Inachekesha, lakini bila daftari kama hilo hakuna mbinu itakayomwokoa asiye na hatia.

Ukiwa wakala wa mizigo hapa Kilindini unayechagua kati ya treni na trela, hakuna hata moja kati ya hizi nne inayokuhusu sana. Mwendeshaji anaweza kuwa na ufanisi wa kupigiwa mfano kwa kukuweka foleni hadi behewa lake lijae. Wewe hesabu saa kutoka kontena kushuka melini hadi kufika godauni la mteja, kwa safari zako 30 za mwisho, na utazame ile mbaya kuliko zote.

Na ukiwa na mwendeshaji mmoja na miaka minane kama mpwa wangu, bahasha itakuwa na viti vinane tu, na mpaka wa nasibu usahau. Unaweza kuifanya kila mwaka kuwa mwendeshaji wake, wengine hufanya hivyo, lakini kwa vitu vitano hata hiyo minane haitoshi. Yeye ameamua faharasa ya tija jumla, na pembeni uwiano mitatu, mmoja ukiwa ule wa babu yake ili nyumbani pawe na amani. Mwaka 2020 atauwekea alama. Miaka ya kabla na baada ya Septemba 2022 ataitenga, mizigo ya amri isichanganyike na mizigo ya hiari. Msimamizi amekubali kwa shingo upande. Sasa anatafuta hesabu ya dizeli ya mwaka 2021, na ameshaandika barua tatu.